Mpigie mwanao kabla baridi haijafika



Jumanne moja jioni, Februari 2021, tulikuwa tumemaliza ibada ya jumuiya nyumbani kwa mama mmoja mtaani kwetu. Chai ilikuwa bado ya moto simu yake ilipoita. Alikuwa mwanawe anayeishi Houston, Texas, na sauti ilikuwa inakatikakatika. Umeme ulizimika usiku wa kuamkia Jumatatu na haujarudi. Nyumba imekuwa kama friji. Watoto wawili wamefunikwa mablanketi yote yaliyomo na bado wanatetemeka. Mama akamjibu kama ambavyo mama yeyote wa nyanda za juu angejibu: "Si unalo lile jiko la kuchomea nyama? Washa mkaa, ukishika vizuri uliingize ndani, ufunge milango, wajukuu zangu wapate joto."

Sisi wengine tukaitikia. Nakiri mbele yako, msomaji, kwamba hata mimi nilitikisa kichwa kukubali. Aliyetuokoa ni binti mmoja muuguzi aliyekuwa anakusanya vikombe. Aliweka sinia chini, akaomba simu, akasema bila salamu: "Kaka, jiko libaki nje. Ukiliingiza ndani, asubuhi mama atapigiwa simu nyingine." Chumba kizima kilinyamaza.

Tangu siku ile nimekuwa nikifuatilia habari za dhoruba ile. Texas si nchi ya theluji. Nyumba nyingi kule zimejengwa kwa kukabili joto, na nyingi hupashwa moto kwa umeme. Jumapili ya tarehe 14 baridi kali ilishuka kutoka kaskazini. Siku mbili baadaye Dallas ilifika nyuzi 19 chini ya sifuri, na hata Houston, jirani ya bahari, ikashuka hadi nyuzi 10 hivi chini ya sifuri. Visima na mabomba ya gesi yakaganda, mitambo ya umeme ikasimama, na nyumba na biashara zaidi ya milioni 4 zikakosa umeme. Serikali ya jimbo baadaye ilihesabu watu 246 waliokufa, karibu theluthi mbili yao kwa baridi yenyewe. Lakini wapo waliouawa na kile walichokikimbilia ili wapate joto. Waliingiza majiko ya mkaa sebuleni. Waliwasha jenereta ndani. Walikaa ndani ya gari linalounguruma katika chumba cha gari kilichoungana na nyumba. Zaidi ya watu 1,400 walikwenda kutafuta matibabu kwa ajili ya hewa ile ya sumu.

Hewa hiyo inaitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikukohozi kama moshi. Mkaa ulioshika vizuri, ule mwekundu usiotoa moshi ambao sisi tunauona salama, ndio unaoitoa bila mtu kushtuka. Ikiingia kwenye damu inachukua nafasi ya oksijeni. Kichwa kinauma, unasikia kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi mtamu. Hapo ndipo mtu anaposema, "ngoja nilale kidogo."

Nayajua haya kwa mwili wangu, na ndiyo maana aibu ya siku ile haijanitoka. Nikiwa kijana nasoma Njombe, Juni moja ya baridi kali, vijana wanne tuliingiza jiko katika chumba cha kupanga na kuziba uwazi wa mlango kwa gunia. Usiku wa manane niliamka kichwa kinapasuka, miguu haina nguvu. Dirisha letu lilikuwa na kioo kimoja kilichovunjika, ambacho tulikuwa tumemlalamikia mwenye nyumba mwezi mzima. Nadhani tuliishi kwa sababu ya kioo kile. Nilipaswa kukumbuka. Badala yake, miaka mingi baadaye, nilisimama na kikombe cha chai mkononi nikikubali ushauri uleule upelekwe ng'ambo ya bahari.

Mpendwa, upendo peke yake hautoshi kumshauri mtu aliye ndani ya dhoruba.

Fungua nami Matendo ya Mitume sura ya 27. Mtume Paulo ni mfungwa, anapelekwa Roma kwa merikebu, na majira ya baridi yanakaribia. Wakiwa Bandari Nzuri anawaonya kwamba safari ikiendelea kutakuwa na hasara kubwa ya shehena na ya maisha. Akida Julio anamsikiliza zaidi nahodha na mwenye merikebu. Ukimuuliza mtu wa kawaida angefanya nini, angefanya vilevile: nani amsikilize mfungwa juu ya mambo ya bahari? Kisha upepo wa kusini ukavuma polepole, na kila mtu akaona walikuwa sahihi kung'oa nanga. Haikuchukua muda Eurakilo ikawashukia.

Upepo ule wa upole ndio unaonitisha kuliko Eurakilo. Texas ilipata upepo wake wa upole kwa miaka kumi: dhoruba ya baridi ya Februari 2011 ilizima umeme, wataalamu wakaandika kwamba mitambo ikingwe dhidi ya baridi, kisha miaka ikapita bila baridi ya namna ile na mengi ya waliyoshauri hayakufanyika. Na mji wa Buffalo, jimbo la New York, ambako wanaishi ndugu zetu wengi waliokimbia vita vya Kongo na Burundi, ulionywa siku kadhaa kabla ya Krismasi ya 2022. Asubuhi ya Ijumaa tarehe 23 Desemba ilianza kwa mvua tu. Watu wakaenda kazini, wengine wakatoka kununua vya mwisho vya sikukuu. Amri ya kukataza magari barabarani ilianza saa tatu na nusu asubuhi, wengi wakiwa tayari wameshatoka. Muda mfupi baadaye dereva alikuwa haoni hata mbele ya gari lake mwenyewe. Theluji iliyoanguka uwanja wa ndege hadi dhoruba ilipoisha ilifika kama sentimita 130. Zaidi ya watu 40 walikufa. Wengine walikutwa ndani ya magari, wengine njiani walikoamua kutembea kwa miguu kufika nyumbani. Magari ya kubebea wagonjwa na ya zimamoto nayo yalikwama, kwa hiyo aliyeugua nyumbani hakufikiwa.

Sasa soma aya ya 30 na zinazofuata. Mabaharia wanashusha mashua kwa hila ili watoroke. Paulo anamweleza akida kwamba hawa wasipobaki merikebuni, hakuna atakayeokoka. Safari hii akida amejifunza; askari wanakata kamba, mashua inaanguka. Siku zote nilikuwa nikihubiriwa aya hii kama fumbo la kudumu kanisani, na sina ugomvi na hilo. Ila nikisoma habari za Buffalo naisoma jinsi ilivyoandikwa: usitoke. Nyumba yenye giza na baridi bado ni bora kuliko njia iliyofunikwa. Hata aliyenaswa ndani ya gari anashauriwa abaki humo kuliko kwenda kutafuta taa anazodhani ameziona. Awashe injini dakika kama kumi kila saa, aache dirisha wazi kidogo, na kabla ya kuwasha ahakikishe theluji haijaziba bomba la moshi, maana likizibwa hewa ileile ya sumu inarudi ndani.

Na ukibaki, unabakije? Paulo hakuwaambia watu wasali tu. Walikuwa wamekaa siku 14 bila kula sawasawa, akawasihi wale, akaumega mkate mbele yao, wakachangamka wote 276. Mwili unaopigana na baridi unachoma chakula kama jiko linavyochoma kuni. Ale, anywe vya moto kama vipo. Pombe asiiguse, maana inamdanganya mtu kwamba amepata joto huku joto la mwili likitoka kwenye ngozi. Familia yote ihamie chumba kimoja kidogo, taulo zizibe chini ya mlango unaoelekea vyumba vingine, mapazia yafungwe, wavae nguo nyepesi nyingi juu kwa juu badala ya koti moja zito, na kofia. Tochi, si mishumaa, hasa penye watoto. Mabomba yanaganda na kupasuka, kwa hiyo maji yaachwe yadondoke kidogo, na mwenye nyumba ajue koki kuu iko wapi kabla hajaihitaji gizani. Jenereta ikae nje kabisa, mita sita au zaidi kutoka nyumbani, mbali na madirisha. Na mtu aliyekuwa anatetemeka akaacha kutetemeka huku bado baridi, akaanza kusema maneno yasiyoeleweka na kusinzia, huyo hajapata nafuu. Huyo anakufa, aitiwe msaada mara moja.

Merikebu ilivunjika, watu wote wakafika nchi kavu Melita, wengine juu ya mbao. Wenyeji wakawawashia moto kwa sababu ya mvua na baridi, wakawapokea wote. (Moto ule uliwashwa kwa watu waliotoka tu majini, sidhani ulikuwa chumbani penye madirisha yaliyofungwa.) Luka alishangazwa na wema wao, hata akauita wema usio wa kawaida. Wageni 276, wakiwemo wafungwa, wanatoka baharini usoni pako. Wewe ungewasha moto au ungefunga mlango?

Kule karibu na Buffalo, ile ile Ijumaa, walikuwepo wa namna zote mbili. Fundi mmoja wa magari, gari lake likiwa limekwama, alibisha milango kama kumi. Aliahidi dola 500 alale sakafuni tu. Hakuna aliyemfungulia. Siwezi kuwahukumu haraka. Usiku, upepo unalia, mwanamume usiyemjua anabisha, na ndani una watoto. Lakini fundi yule alilala garini pamoja na watu wawili asiowajua aliowaokota njiani, na asubuhi mafuta yakielekea kuisha akaona kuna shule jirani. Akavunja dirisha, akaingia, kisha akatoka tena kwenda gari hadi gari kuwakusanya wengine. Zaidi ya watu 20, wazee na watoto, walikula chakula cha shule na kupona. Alipoondoka aliacha karatasi ya kuomba radhi kwa dirisha alilovunja.

Na kitongoji kingine cha mji uleule, watalii kutoka Korea walikwama mbele ya nyumba ya watu. Walibisha kuomba sepetu tu. Mume na mke wakawaingiza wote kumi, wakakaa nao hadi siku ya Krismasi, wakipika pamoja vyakula vya Kikorea, kwa kuwa wenye nyumba walivipenda na walikuwa na viungo vyake jikoni. Sisi tuna neno zuri kuliko mataifa mengi: mgeni anasema "hodi", mwenye nyumba anasema "karibu" hata kabla hajaona uso. Huenda watoto wetu walioko huko wamelisahau kidogo. Huenda pia jirani yao, bibi kizee anayeishi peke yake mlango wa pili, hatabisha kamwe, atanyamaza tu.

Paulo mwenyewe alizeeka akiijua baridi. Katika waraka wa pili kwa Timotheo, sura ya 4, akiwa kifungoni, anaomba aletewe joho alilomwachia Karpo kule Troa, na anamhimiza kijana wake ajitahidi kufika kabla ya majira ya baridi. Mtume mkubwa namna ile anaomba koti, tena anataja limeachwa kwa nani na mji gani. Sioni upungufu wa imani hapo.

Basi, mpendwa, Novemba ndiyo hii. Kama una mtoto, ndugu au mwumini mwenzako Marekani, Kanada au Ulaya, usisubiri picha za theluji kwenye runinga. Leo ikifika saa kumi na moja jioni kwetu, Houston ni saa mbili asubuhi, hawajatoka kwenda kanisani. Buffalo ni saa tatu. Mpigie. Muulize chakula cha siku kadhaa kipo, dawa zipo, maji yamehifadhiwa, simu ina namna ya kuchajiwa umeme ukikatika. Muulize jirani yake mzee anaitwa nani. Na wewe unayenisoma ukiwa Makete au Mbulu, lile jiko la chumbani kwako lipeleke nje kabla hujalala.

Yule mama wa jumuiya yetu, mwanawe alilirudisha jiko uani siku ile, wakalala wanne kitanda kimoja hadi umeme uliporudi. Dhoruba ilipoisha kijana alinunua kile kidude cha betri kinachopiga kelele hewa ya sumu ikiingia ndani. Kila mwaka wakati kama huu mama humpigia, humsalimia, humuulizia wajukuu, kisha humuuliza: "Betri umebadilisha?"