Valvu Mpya Bila Kufungua Kifua: Majaribio ya Mitrali Yanajibu Swali la Nani?

Valvu ya mitrali hukaa kati ya chemba ya juu na chemba ya chini za upande wa kushoto wa moyo. Ina ngozi mbili laini zilizofungwa kwa kano nyembamba, na kano hizo hushikiliwa na misuli iliyoota katika ukuta wa chemba ya chini. Chemba hiyo inapobana ili kusukuma damu mwilini, ngozi hizo hukutana na kuziba njia ya kurudi nyuma. Zisipokutana vizuri, sehemu ya damu hurudi juu kuelekea mapafuni kwa kila pigo. Mgonjwa huanza kuishiwa pumzi apandapo ngazi, kisha hulazimika kulala ameinuliwa kwa mito, na hatimaye miguu huvimba.

Uvujaji huo una asili mbili, na tofauti yake ni muhimu kwa yote yafuatayo. Upo uvujaji ambao kasoro yake imo katika valvu yenyewe: kano imekatika, au ngozi zimelegea au kukakamaa. Upo pia ule ambao valvu ni nzima, ila chemba ya chini imetanuka kwa ugonjwa wa misuli ya moyo na kuzivuta ngozi zisifikiane. Katika hali hii ya pili, kuziba uvujaji ni kutibu tokeo, huku chanzo kikibaki palepale.

Tiba iliyozoeleka ni upasuaji wa kufungua kifua, moyo ukisimamishwa na kazi yake kufanywa na mashine. Daktari hutengeneza valvu au kuiondoa na kuweka nyingine. Kwa mzee mwenye figo dhaifu au aliyewahi kupasuliwa moyo, hatari ya upasuaji huo inaweza kupita faida yake. Ni kwa ajili ya watu hao kwamba watafiti walianza kufikiria kupitisha valvu ndani ya mshipa kwa mrija mwembamba uitwao katheta.

Njia hiyo ilifanikiwa kwanza kwenye valvu ya aota, mlango wa damu kutoka moyoni kwenda mwilini. Tarehe 16 Aprili 2002, Alain Cribier na wenzake waliweka valvu ya namna hiyo kwa mgonjwa wa kwanza mjini Rouen, Ufaransa, na leo tiba hiyo ni ya kawaida katika nchi nyingi. Mitrali ilichelewa kwa miaka kumi: mgonjwa wa kwanza alipata valvu ya katheta mwaka 2012 mjini Copenhagen.

Kuchelewa huko kuna sababu za kimaumbile. Valvu ya aota iliyougua kwa uzee huwa imejaa chokaa, na chokaa hiyo huishika valvu mpya kama ukuta mgumu unavyoshika fremu ya mlango. Mitrali inayovuja mara nyingi haina chokaa. Pete yake ni laini, ni pana, haina umbo la duara kamili, na hubadilika umbo moyo unapopiga. Valvu mpya basi hukosa pa kujishikiza. Isitoshe, ngozi ya mbele ya mitrali inapakana na njia ya damu iendayo kwenye aota. Valvu mpya ikiisukuma ngozi hiyo mbele, inaweza kuziba njia, na mgonjwa akapoteza maisha mezani. Kwa hiyo kila mgonjwa hupigwa picha za CT, na wataalamu hukadiria kwa kompyuta nafasi itakayobaki. Wengi wa waliochunguzwa ili kuingizwa katika majaribio walikataliwa katika hatua hii. Jambo hili husahaulika matokeo yanaposomwa: wale wanaohesabiwa ni wale ambao maumbile ya mioyo yao yaliruhusu.

Wabunifu walilitatua tatizo la kujishikiza kwa namna mbalimbali. Valvu ya Tendyne huingizwa kupitia tundu dogo kifuani na ncha ya moyo, kisha hufungwa kwa uzi imara kwenye ncha hiyo, mfano wa mashua iliyotiwa nanga. SAPIEN M3 hupitia mshipa wa paja: kwanza huwekwa waya uliosokotwa kama chemchemi kuzizunguka kano za mitrali, halafu valvu hutanuliwa ndani ya mzunguko huo. Vifaa hivi hutengenezwa kwa fremu ya metali na utando wa moyo wa mnyama. Baadhi hutumia wa ng'ombe, na nyingine wa nguruwe, jambo ambalo mgonjwa ana haki ya kuelezwa kabla ya kutoa idhini.

Matokeo ya mwanzo yalikuwa funzo gumu. Katika wagonjwa 50 wa kwanza wa valvu ya Intrepid, iliyowekwa wakati huo kupitia ncha ya moyo, valvu iliwekwa kwa mafanikio kwa 48, lakini asilimia 14 walifariki ndani ya siku 30. Katika 100 wa kwanza wa Tendyne, waliofariki ndani ya siku 30 walikuwa 6, na baada ya mwaka zaidi ya robo walikuwa wamekufa, ilhali karibu wote waliosalia hawakuwa na uvujaji wowote. Kifaa kilifanya kazi yake barabara, na bado wagonjwa wengi walikufa. Walikuwa wazee wenye moyo uliokwisha kuchoka kabla ya kufika hospitalini.

Hapo ndipo swali la kulinganisha linapoingia, na mfano bora unatoka kwa kifaa kingine, kibanio cha MitraClip, ambacho hakibadilishi valvu bali huzibana ngozi zake mbili katikati. Mwaka 2018 yalichapishwa majaribio mawili yaliyowagawa kwa bahati nasibu wagonjwa wa uvujaji wa aina ya pili: wengine walipewa dawa pekee, wengine dawa pamoja na kibanio. Katika MITRA-FR, lililofanyika Ufaransa kwa wagonjwa 304, waliofariki au kulazwa tena kwa moyo kushindwa kufanya kazi ndani ya mwaka mmoja walikuwa asilimia 54.6 kwa kibanio na 51.3 kwa dawa pekee. Hakukuwa na faida. Katika COAPT, lenye wagonjwa 614 wa Marekani na Kanada, waliofariki ndani ya miaka miwili walikuwa asilimia 29.1 kwa kibanio na 46.1 kwa dawa pekee. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba wagonjwa wa COAPT walikuwa na uvujaji mkubwa zaidi na chemba zilizotanuka kidogo zaidi, na dawa zao zilikuwa zimekwisha kurekebishwa kikamilifu kabla hawajaingizwa. Kifaa kilikuwa kilekile. Kilichobadilika ni mtu aliyewekewa.

Majaribio makuu ya valvu za mitrali hayana ulinganisho wa namna hiyo. ENCIRCLE, lililochapishwa mwaka 2025, liliwapa SAPIEN M3 wagonjwa 299 wasiofaa kwa upasuaji wala kwa kibanio. Ndani ya mwaka mmoja, asilimia 25.2 walifariki au kulazwa kwa moyo kushindwa, dhidi ya kikomo cha asilimia 45 kilichowekwa kabla kutokana na tafiti za zamani. Ni tokeo zuri, na si dogo kwa watu waliokuwa wameambiwa kwamba hakuna njia. Hata hivyo, kikomo kilichoandikwa karatasini si kundi la wagonjwa. Hakionyeshi watu hao hao wangekuwaje mwaka huo kwa dawa za kisasa pekee.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna pengo jingine. Washiriki wa majaribio haya kwa kawaida ni watu wa miaka sabini na kuendelea. Katika ukanda huu, chanzo kikubwa cha mitrali mbovu kwa vijana ni homa ya rumatiki, inayofuata maambukizi ya koo yasiyotibiwa utotoni. Utafiti wa REMEDY, uliohusisha wagonjwa 3,343 katika nchi 14, zikiwemo Kenya, Uganda na Rwanda, ulikuta umri wa kati ni miaka 28, na wengi walikuwa wanawake. Ngozi za valvu zao zimenenepa, kano zimefupika, na mara nyingi valvu hubana na kuvuja kwa pamoja. Valvu ya utando wa mnyama huchakaa mapema zaidi kwa kijana kuliko kwa mzee. Tena baada ya kuwekwa valvu ya katheta kwenye mitrali, wagonjwa hupewa wafarini kwa miezi kadhaa, kwa sababu majaribio ya mapema yalionyesha damu ikiganda juu yake, na wafarini inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Kwamba matokeo ya kwingine yanaweza kupotosha hapa si hofu ya kubuni. Dawa mpya za kuzuia damu kuganda zilipoishinda wafarini kwa urahisi wa matumizi huko Ulaya na Marekani, ilitazamiwa kwamba zingewafaa pia wagonjwa wa rumatiki wenye mapigo yasiyo na mpangilio. Jaribio la INVICTUS liliwaandikisha zaidi ya 4,500 kati yao katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Latini. Lilipochapishwa mwaka 2022, waliotumia dawa za kundi la wafarini ndio waliokufa wachache.

Kwa sasa, kijana mwenye mitrali inayovuja anayefika katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam au Taasisi ya Moyo ya Uganda jijini Kampala hupimwa kwa echo, hurekebishiwa dawa, na ikibidi hupangiwa upasuaji wa kutengeneza au kubadilisha valvu. Mgonjwa wa rumatiki huendelea pia na sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne. Daktari anayeulizwa habari za valvu ya katheta anaweza kumweleza mgonjwa wake yaliyowapata wazee 299 katika mwaka mmoja. Kwa mwanamke wa miaka 28 anayetaka kuzaa, jaribio lenye jibu lake bado halijafanyika.