Mgongo Ukiuma kwa Sababu ya Baiskeli, Anza na Kiti Kabla ya Dawa

Neno bodaboda lina asili yake hapa mpakani, Busia na Malaba. Kabla ya pikipiki kufika, vijana wa baiskeli walikuwa wakivusha abiria na mizigo katika ule ukanda ulio kati ya kituo cha forodha cha Kenya na kile cha Uganda, wakiita wateja kwa neno la Kiingereza la mpaka, mara mbili mbili. Pikipiki zimekuja lakini baiskeli hazijaondoka. Bado zinabeba abiria mjini, omena kutoka Port Victoria, mitungi ya maji, magunia ya mahindi na watoto wa shule. Wengi wanaoziendesha wana lalamiko moja wanaporudi nyumbani jioni: mgongo.

Mara nyingi mwendeshaji hupitia dukani, akanunua vidonge viwili au vitatu, akalala, na asubuhi akarudi barabarani kwenye baiskeli ile ile iliyomuumiza. Hapo ndipo pesa inapopotea. Maumivu mengi ya aina hii hutokana na baiskeli isiyolingana na mwili wa anayeiendesha, na kuirekebisha ni kazi ya spana na dakika kumi kwa fundi.

Unapoendesha, umeinama mbele. Misuli ya kiuno inaushikilia mwili muda wote huo bila kupumzika. Mapaja na makalio ndiyo yanayopaswa kusukuma pedali, lakini yakichoka kiuno huingilia kazi isiyo yake. Juu ya hayo kuna mashimo na matuta ya barabarani. Kila mtikiso hupanda kupitia kiti hadi kwenye uti wa mgongo. Kwa watu wengi, maumivu ya namna hii ni uchovu na mkazo wa misuli na viungo. Hayamaanishi kwamba mgongo "umeisha", kama baadhi yao wanavyoambiwa mitaani, na kwa kawaida hupungua ndani ya wiki chache mwili ukitendewa vyema.

Basi tuanze na kiti. Kikiwa juu mno, mguu huitafuta pedali na kiuno hucheza kushoto na kulia kwa kila mzunguko. Wewe hutakiona kiuno hicho, lakini mwenzako anayekufuata nyuma atakiona, kwa hivyo mwombe akutazame. Kikiwa chini mno, magoti hupanda karibu na kifua, mgongo hukunjika kama upinde, na magoti yenyewe huanza kulalamika. Kipimo ni hiki: egemeza baiskeli ukutani, kaa kitini, uweke kisigino juu ya pedali iliyoshuka chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kulalia upande mmoja. Sasa ukiweka sehemu ya mbele ya unyayo kwenye pedali, kama unavyoendesha kawaida, goti litakunjika kidogo. Hapo ndipo pako. Pima ukiwa umevaa viatu vya kazini, kwa maana akala nene na ndara nyembamba haziwezi kutoa kipimo kimoja. Na usipandishe bomba la kiti kupita mstari wa mwisho uliochorwa juu yake. Likichomoka ukiwa na abiria, mgongo utakuwa ndilo tatizo dogo.

Tunajua kwa nini wanaobeba abiria hupenda kiti cha chini. Wanataka miguu yote miwili ifike ardhini haraka mteja anapopanda au gari linapowabana. Sababu hiyo ni ya kweli. Basi pandisha kiti kwa sentimita moja, endesha siku kadhaa, kisha upandishe tena, na ukome pale vidole vya miguu bado vinapogusa chini. Hata nusu ya marekebisho ina faida.

Wanaokodi baiskeli kwa siku wana shida zaidi, kwani leo wanapewa hii na kesho ile. Dawa yake ni kujua kipimo chako. Kiti kikishakaa sawa, pima kwa shubiri kutoka katikati ya mhimili wa pedali hadi juu ya kiti. Ukikumbuka hesabu hiyo, utaweka kiti cha baiskeli yoyote kabla hujaondoka kwa mwenyewe.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalioni: mwinamo wa kiti. Viti vya baiskeli zetu nzito, zile za Black Mamba, vina springi nyuma. Springi zikilegea kwa miaka, sehemu ya nyuma hushuka na pua ya kiti huinuka. Ukikaa juu ya kiti cha namna hiyo nyonga hurudi nyuma, na kiuno hulazimika kupinda zaidi ili mikono ifikie usukani. Mwaka 1999 madaktari wa Israeli walichapisha matokeo ya kuinamisha pua ya kiti chini kwa nyuzi 10 hadi 15 kwa waendesha baiskeli waliokuwa wakiumwa kiuno, na wengi wao walipata nafuu. Si lazima uinamishe kiasi hicho. Anza kwa kukifanya kiti kilale sawa, kisha shusha pua kidogo tu. Ukijiona unateleza mbele na uzito wote unahamia mikononi, umepitiliza.

Usukani wa Mamba uko juu na karibu, kwa hivyo huko hakuna neno. Neno liko kwa vijana wanaonunua baiskeli za mtumba za mbio, zenye usukani uliopinda chini. Wengi huchagua kwa rangi, kumbe fremu ni ndefu kuliko wao. Viwiko vikiwa vimenyooka kama vijiti na shingo imejikunja kutazama mbele, fremu hiyo si yako, au usukani unahitaji kupandishwa. Viwiko vikunjike kidogo, navyo vitameza mtikiso kabla haujafika mabegani. Mwenye kujiandaa kwa mashindano aongeze umbali kidogo kidogo kila wiki. Mgongo uliozoea kilomita 20 haupendi kushtukizwa na 60.

Kuhusu mzigo, mtungi wa lita 20 una uzito wa kilo 20, na gunia la mahindi ni kilo 90. Gunia lipakiwe na watu wawili, magoti yakikunjwa, na mtu asijipinde kiuno huku ameliinua. Wengi huumia hapo, kabla hata ya kupiga pedali. Mzigo ukae chini na usawa pande zote mbili za keria. Mlimani, kama ile ya upande wa Samia, shuka usukume. Anayekazana na gia moja nzito huvuta usukani kwa nguvu zote, na kiuno ndicho kinacholipa. Ikiwa njia yako ina milima mingi, muulize fundi kuhusu friwili yenye meno mengi zaidi, kwa mfano 22 badala ya 18. Utakwenda polepole, lakini pedali itakuwa nyepesi.

Ikiwa mgongo tayari unauma, usilale kitandani siku tatu nne. Punguza safari na mizigo lakini endelea kutembea. Kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto na kukamuliwa, dakika 15 hadi 20, husaidia. Hakikisha hakiunguzi ngozi. Kati ya safari moja na nyingine shuka, weka mikono kiunoni, ujipinde nyuma taratibu mara tano hadi kumi. Jioni, lala chali na magoti juu, inua makalio, hesabu hadi kumi, shusha. Rudia mara kumi. Kisha simama kwa mikono na magoti kama mtoto anayetambaa, nyoosha mkono wa kulia pamoja na mguu wa kushoto, halafu ubadilishe. Haya mawili huimarisha makalio na kiuno, na kwa maoni yetu yana thamani kuliko kitu chochote kinachouzwa sokoni kwa ajili ya mgongo, ukiwemo ule mshipi wa kiunoni. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya kiuno: lilipendekeza mazoezi na maelezo kwa mgonjwa, na likashauri mishipi hiyo isitolewe kama tiba ya kawaida.

Dawa kama diklofenaki na ibuprofeni hutuliza, lakini ukizimeza kila jioni kwa miezi zinaweza kutoboa tumbo na kudhuru figo, hasa kwa anayefanya kazi juani bila kunywa maji ya kutosha. Ikiwa umezihitaji zaidi ya siku chache, nenda kituo cha afya.

Ganzi sehemu za siri inayoisha ukishuka kwa kawaida ni shinikizo la kiti, rekebisha mwinamo. Ikiwa ganzi hiyo haiondoki, au unashindwa kukojoa, mkojo au choo kinakutoka bila kujua, au miguu inakosa nguvu, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje asubuhi. Fika pia bila kukawia ikiwa maumivu yalianza baada ya kuanguka, au yanaandamana na homa, kupungua uzito, au jasho la usiku. Kifua kikuu kinaweza kushambulia uti wa mgongo bila kikohozi, na matibabu yake ni bure katika vituo vya serikali.

Kwa maumivu yaliyozidi wiki sita, omba kuelekezwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Ukifika, usiseme tu kwamba mgongo unauma. Mweleze unaendesha baiskeli ya aina gani, kilomita ngapi kwa siku, ukibeba nini, na kama inawezekana uende nayo.