Taka za Kambi: Zipi ni Zetu, Zipi ni za Tajiri?

Ndugu wafanyakazi wa viwandani na mashambani,

Katika mikutano ya matawi tunazungumza sana juu ya mshahara, kipande na likizo. Ni haki yetu kuyazungumza. Lakini liko jambo linalokula mshahara wetu polepole, na mara chache huandikwa katika ajenda. Jambo hilo ni taka zinazolala nyuma ya nyumba zetu. Mtoto akiharisha, fedha inakwenda zahanati. Mama akiugua kifua kwa moshi wa jalala, siku ya kazi inapotea. Dawa ya shamba ikiingia kisimani, kambi nzima inaumia, aliye mwanachama na asiye mwanachama.

Wengine husema usafi ni kazi ya wanawake, na mazingira ni maneno ya wataalamu wa mjini. Hebu tuangalie yaliyotokea Kiteezi, karibu na Kampala. Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, jalala la mji liliporomoka na kufukia nyumba. Watu zaidi ya 30 walikufa. Waliofukiwa hawakuwa matajiri. Walikuwa watu kama sisi, wanaokaa mahali ambapo mwenye fedha hakai.

Kwa hiyo tunawaomba ndugu wote mjifunze kugawa taka mafungu matatu: zinazooza, zisizooza, na zinazoua. Mafungu mawili ya kwanza tunayaweza wenyewe. La tatu ni deni la mwajiri, na lazima alilipe.

FUNGU LA KWANZA: TAKA ZINAZOOZA

Hizi ndizo nyingi kuliko zote. Ni maganda ya matoke na mihogo, majani ya mboga, mabaki ya posho, majani tunayofagia uwanjani, mavi ya kuku na mbuzi. Anayezitupa anatupa mbolea, kisha anakwenda dukani kukopa mboga.

Maganda ya ndizi na viazi wapeni kwanza mbuzi na nguruwe. Yanayobaki yafanyeni mbolea, hivi:

1. Chagueni mahali penye kivuli, mbali na kisima. Tandikeni majani makavu na vijiti chini ili hewa ipite.
2. Juu yake wekeni taka mbichi za jikoni, kisha mavi ya wanyama, kisha udongo na majivu kidogo. Rudieni tena hivyo hivyo mpaka lundo lifike kiunoni.
3. Nyunyizeni maji. Lundo liwe na unyevu kama kitambaa kilichokamuliwa, lisilowe. Lifunikeni kwa majani ya ndizi.
4. Chomekeni kijiti kirefu katikati. Mkikichomoa kina joto, mjue kazi inaendelea ndani. Kikiwa baridi na kikavu, ongezeni maji.
5. Geuzeni lundo kila baada ya wiki mbili au tatu. Baada ya miezi mitatu hivi mtapata mbolea nyeusi inayonukia udongo.

Msitie nyama, samaki wala mafuta, maana vitaita panya na mbwa. Msitie pia majani yaliyopigwa dawa ya magugu.

Asiye na kiwanja asikate tamaa. Achukue gunia la posho, atie udongo uliochanganywa na mbolea hii, na katikati asimamishe nguzo ya mawe madogo ili maji yashuke mpaka chini. Atoboe matundu ubavuni na kupanda sukuma wiki. Gunia moja mlangoni huchumwa majani mara nyingi, na maji ya kuoshea mboga yanatosha kulimwagilia. Lakini liwe gunia la chakula. Gunia lililobeba dawa lisiguswe kwa kazi hii.

FUNGU LA PILI: TAKA ZISIZOOZA

Hapa tunasema juu ya makopo, chupa, vyuma, matairi, na mifuko ya plastiki ambayo hapa Uganda tunaiita kavera.

Vyuma, makopo na chupa vina wanunuzi. Mtu mmoja akipeleka kilo mbili, mnunuzi atampa bei anayotaka yeye. Kambi nzima ikikusanya mahali pamoja kwa mwezi, mnunuzi atakuja mwenyewe na bei itazungumzwa. Ndugu, hili tunalijua tayari katika mshahara: anayekwenda peke yake hupewa kidogo. Makopo na matairi yasiachwe wazi yakishika maji ya mvua, kwa sababu mbu wanaoeneza homa ya dengi huzaliana humo.

Kavera ni adui mwenye uvumilivu. Ikizikwa inakaa miaka mingi bila kuoza, ikitupwa inaziba mitaro, na ng'ombe au mbuzi akiimeza anaweza kufa. Jirani zetu wameionyesha dunia kwamba inawezekana kuishi bila mifuko hii. Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Wafanyakazi wa huko wanaendelea kwenda sokoni na vikapu vyao. Nasi tubebe kikapu.

Jambo moja tunalisisitiza: msichome plastiki, wala msiwashe sigiri kwa kavera. Moto mdogo wa uwanjani hauimalizi sumu iliyomo. Unaigeuza moshi, na moshi huo unaingia katika mapafu ya mtoto aliyebebwa mgongoni na katika chakula kilicho motoni. Baadhi ya sumu za moshi huo, zinazoitwa daioksini, ni mbaya kiasi kwamba mataifa yalizitaja kwa jina katika Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001.

FUNGU LA TATU: TAKA ZINAZOUA

Hizi ni jerikani, chupa na mifuko ya dawa za kuua wadudu na magugu, mapipa ya dawa kutoka viwandani, na maji yaliyooshea mabomba ya kunyunyizia. Katika makambi tumeona jerikani za dawa zikichotewa maji, zikiwekewa pombe na mafuta ya kula. Wenye nyumba si wajinga. Jerikani mpya inauzwa, na hii imetupwa bure pale stoo. Lakini plastiki hunyonya dawa kama nguo inavyonyonya rangi. Unaweza kuiosha kwa sabuni na mchanga mpaka isinuke, na sumu bado imo. Hakuna namna ya kuosha inayoifanya jerikani ya dawa ifae kwa chakula au maji.

Njia inayofaa ni hii. Mnyunyiziaji akimaliza dawa, atie maji safi mpaka robo ya jerikani, afunge, atikise kwa nusu dakika, na maji hayo ayamimine ndani ya bomba yanyunyizwe shambani pamoja na dawa. Afanye hivyo mara tatu. Kisha aitoboe jerikani chini ili isitumike tena, na kuirudisha stoo yenye kufuli. Bomba lisioshwe mtoni hata siku moja. Walio chini ya mto wanakunywa maji hayo, na samaki wanakufa. Nguo za kunyunyizia zifuliwe peke yake, zisichanganywe na za watoto.

Mtu akiingiwa na dawa anaweza kuumwa kichwa, kutapika, kutokwa jasho na mate mengi, au kuhema kwa shida. Mtoeni penye dawa, mvueni nguo, muosheni kwa maji mengi na sabuni, na mpelekeni hospitali mara moja pamoja na karatasi ya maelezo ya dawa hiyo. Msimtapishe kwa nguvu. Msimpe maziwa mkidhani yataondoa sumu, maana hayaiondoi.

DENI LA MWAJIRI

Sasa tuulize: nani aliyenunua dawa ile? Nani anapata faida ya chai na miwa iliyopaliliwa kwa dawa hiyo? Basi na jerikani tupu ni zake. Mfanyakazi hawezi kujenga stoo, hawezi kukodi gari la kupeleka mapipa mahali pa kuharibiwa kwa usalama.

Madai haya yana mguu wa kusimamia. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 39, inampa kila raia haki ya mazingira safi na yenye afya. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila kumlipisha mfanyakazi. Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019 inashika kanuni kwamba anayechafua ndiye anayegharamia. Nalo Shirika la Kazi Duniani, katika Mkataba namba 184 wa mwaka 2001 juu ya usalama na afya katika kilimo, linataka uwepo utaratibu wa kukusanya vyombo tupu vya dawa ili visitumike kwa kazi nyingine.

Kwa hiyo, mkienda mezani na mwajiri, pamoja na mshahara wekeni haya:

1. Stoo ya vyombo tupu yenye kufuli na daftari. Jerikani zilizotoka zihesabiwe, na zilizorudi zihesabiwe.
2. Mahali pa kuoshea mabomba, mbali na mto na kisima, na bafu ya wanyunyiziaji yenye maji na sabuni.
3. Jerikani mpya za maji kwa kila nyumba ya kambi. Bila hizi, maonyo yote tuliyotoa ni maneno matupu.
4. Shimo la taka lililochimbwa vizuri, na gari la kuzoa zisizooza kwa siku inayojulikana.
5. Kipande cha ardhi karibu na kambi kwa bustani za wafanyakazi.

Haya yaandikwe katika mkataba wa pamoja. Ahadi ya meneja hupita naye akihamishwa, lakini mkataba hubaki.

Tunajua mwajiri atajibu: "Ninyi wenyewe mnaishi katika uchafu, mnadai nini?" Ndiyo maana fungu la kwanza na la pili tuyashike vizuri sisi wenyewe. Kambi yenye lundo la mbolea, bustani za magunia na uwanja usio na kavera inamnyima neno hilo.

Kila tawi lichague watu wawili, mmoja wao awe mama wa kambi. Kabla ya mkutano wa mwezi ujao wapite nyumba kwa nyumba, wahesabu jerikani za dawa zinazotumika kwa maji au chakula, na waandike hesabu hiyo bila kutaja jina la mwenye nyumba. Idadi hiyo ndiyo karatasi ya kwanza mtakayoiweka mbele ya meneja.

Umoja ni nguvu.