Injini Imewaka, Lakini Kazi Haijaisha

Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita zipatazo 66, na katika mwendo huo gari linaiacha milima ya Umatengo na kushuka takriban mita 800 hadi ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Chukua gari la mizigo lenye uzito wa tani 4 pamoja na magunia yake. Nishati inayotokana na mteremko huo inatosha kuchemsha lita 90 hivi za maji. Dereva akitumia gia ndogo, injini humsaidia kulizuia gari. Sehemu kubwa ya nishati inayobaki inageuka joto kwenye breki. Kwa hiyo watu wa Tingi na vijiji vingine wanaotegemea njia hiyo kupitisha kahawa, mahindi na dagaa wana haki ya kuuliza swali moja kuhusu gari lililobadilishwa injini: fundi alipokata chasisi ili injini ngeni ikae, paipu za breki na waya wa hasi vilikwenda wapi?

Swali hili linasahaulika kwa sababu kazi yenyewe inapendeza. Land Rover lililochoka linapewa injini ya dizeli ya Toyota. Injini hiyo haikai mahali pa ile ya zamani, basi kiunzi cha kuibebea kinakatwa na kingine kinachomelewa. Lakini kiunzi cha kiwandani kilikuwa na kazi nyingine zaidi ya kubeba. Kilikuwa na matundu ya klipu zilizoshika paipu za breki mbali na moto, na kilikuwa na sehemu iliyoachwa bila rangi ili waya wa hasi ugusane na chuma kitupu. Kiunzi kipya hakina hata kimoja kati ya hivyo mpaka fundi akiweke mwenyewe. Nashikilia kwamba njia ya breki na njia ya umeme ni sehemu ya kazi ya kiunzi, na zipangwe kabla mashine ya kuchomelea haijawashwa.

Tuanze na breki, maana hapo kosa halitoi onyo. Mafuta mapya ya breki ya daraja la DOT 3 yanatakiwa kuhimili nyuzi joto 205 bila kuchemka. Yakishanyonya unyevu wa hewa kufikia asilimia 3.7, kiwango kinachotakiwa ni nyuzi 140 tu. Bomba la ekzosi karibu na injini hufikia nyuzi mia kadhaa. Paipu ikipitishwa sentimita mbili kutoka hapo, kwa sababu tu ndipo palipobaki nafasi, mafuta yaliyomo yanaweza kuchemka, na mvuke hubonyea tofauti na mafuta: mguu unakwenda hadi chini na gari haliitiki. Adui wa pili ni mtikisiko. Injini hukaa juu ya mauntini za mpira na hutikisika muda wote, hivyo paipu ya chuma isifungwe kwenye injini. Ishikwe na chasisi kwa klipu, na pale inapokwenda kwenye gurudumu ipokewe na mpira wenye urefu wa kutosha usukani ukizungushwa hadi mwisho, kulia na kushoto. Paipu ya shaba tupu huvutia kwa kuwa inakunjika kirahisi, lakini huchoka na kupasuka kwa mtikisiko. Ya chuma cha breki, au ya shaba iliyochanganywa na nikeli, ndiyo inayofaa, na mdomo wake utanuliwe mara mbili kabla ya nati kukazwa.

Upande wa umeme, wengi husema chuma ni chuma, umeme utapita. Hapana. Mauntini za mpira hazipitishi umeme, na rangi mpya ya kiunzi haipitishi pia. Starta ya dizeli huweza kuvuta ampea 200 na zaidi. Kiungo chenye ukinzani wa asilimia moja tu ya omu, ambao hutauona kwa macho, kinakula volti 2 kati ya 12 za betri na kutoa joto la wati 400 mahali hapo hapo. Waya wa hasi wa injini usipokuwepo, umeme wa starta unatafuta njia nyingine ya kurudi kwenye betri, na njia hiyo inaweza kuwa kebo ya mafuta, kebo ya klachi, au hata paipu ya chuma inayogusa injini. Kebo za namna hiyo huungua. Hapo ndipo suala la breki na la umeme yanapokutana.

Wapo watakaosema gari limetembea mwezi mzima bila shida. Mwezi mmoja haupimi uchovu wa chuma wala unyevu ndani ya mafuta. Wengine watasema barabara sasa ni lami, mashimo yamekwisha. Lami imeondoa mashimo, lakini mteremko upo palepale na mwendo umeongezeka. Ukiongeza mwendo maradufu, nishati ambayo breki zinapaswa kuimeza ili kulisimamisha gari inaongezeka mara nne. Hoja ya gharama ndiyo nzito kuliko zote, kwa sababu mwenye gari mara nyingi ameshamaliza fedha kwenye injini. Hata hivyo klipu, waya mnene na kipande cha msasa wa kukwangua rangi ni vitu vya bei ndogo. Kinachogharimu ni kuvirudia baadaye, injini ikiwa imeshafungwa na mkono haupenyi.

Kadi ya gari huandikwa namba ya injini, kwa hiyo mabadiliko ya injini yapelekwe Mamlaka ya Mapato (TRA) yaandikwe. Lakini kadi haionyeshi paipu imepita wapi. Kabla hujamlipa fundi, ingia chini ya gari pamoja naye, fuata kila paipu kwa kidole kutoka masta silinda hadi gurudumu. Kisha mwambie aweke mita kati ya injini na ncha ya hasi ya betri wakati starta inazunguka. Ikizidi nusu volti, waya huo urudiwe kabla gari halijapakiwa.