Gereji na Forodha za Angani

Kimondo cha Mbozi kilishuka duniani bila breki. Chuma hicho kilicholala Ndolezi, chenye urefu wa mita tatu hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16, wenyeji walikijua tangu enzi na enzi kabla ya mpima ardhi W. H. Nott kukiripoti mwaka 1930. Hakikuwa na abiria, basi hakuna aliyejali kimetuaje.

Chombo cha angani chenye watu ni habari nyingine. Kikiizunguka dunia kwa kilomita 28,000 hivi kwa saa, hakishuki mpaka kasi hiyo igeuke joto. Shuttle za Marekani zilivikwa vigae zaidi ya 20,000 vya kukinga joto hilo, vikikaguliwa kila baada ya safari. Wananchi waliahidiwa usafiri wa bei nafuu, wakapata matengenezo ya miezi. Februari 1, 2003, Columbia ilirejea na bawa lililotoboka siku ya kuruka, ikasambaratika, wote saba wakafa. Mwaka 2011 shuttle zikastaafu.

Madereva wa Tunduma, mpakani na Zambia, wanaijua hesabu hii: lori la Lubumbashi halina faida likishinda gereji. Dragon ya kampuni ya SpaceX iitwayo Endeavour, chombo kinachotumika tena, ilibeba watu wawili mwaka 2020, mwaka uliofuata ikabeba wanne, na haikuishia hapo. Ngao yake bado huungua kidogo kidogo ikishuka, kwa hiyo gereji ipo, ila haichukui muda kama zamani.

Forodha je? Tunduma na Nakonde, upande wa Zambia, zilipata kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa na marais Magufuli na Lungu Oktoba 2019, ili lori lisikaguliwe mara mbili. Angani, washirika wa kituo cha kimataifa cha anga walikubaliana mwaka 2010 vipimo vya mlango mmoja wa kuunganishia vyombo. Warusi, kwa Soyuz zao zinazotumika mara moja tu, wamebaki na mlango wao.

Hata hivyo Warusi na Wamarekani wanapakizana. Vita vya Ukraine vikiendelea, Septemba 2022 Mmarekani Frank Rubio alipanda Soyuz, na Oktoba Mrusi Anna Kikina akapanda Dragon. Desemba, Soyuz ya Rubio ikavuja kimiminika cha kupoza. Warusi walisema imetobolewa na kimondo kidogo mno. Januari, kitandiko cha kiti chake kilihamishiwa Dragon, endapo ingebidi wakimbie, mpaka Soyuz nyingine ilipopelekwa. Alirudi baada ya siku 371. Kwangu, kiti kile kina uzito kuliko mikataba mingi.

China haimo katika kupakizana huko. Tangu mwaka 2011 sheria ya Marekani inaizuia NASA kushirikiana nayo moja kwa moja bila kibali maalumu. Hakuna Dragon iliyowahi kuungana na Tiangong, kituo cha China, wala Shenzhou, chombo cha China, iliyowahi kuungana na kituo cha kimataifa, ambacho nacho kimepangiwa kuangushwa baharini mwanzoni mwa miaka ya 2030. Mafundi wa ngao watapatikana. Mimi nina shaka na wanasiasa.