Marcos: Gari la Mbao na Gundi

Mtu akiambiwa kwamba katika karne ya ishirini, zama za chuma na petroli, walikuwako Uingereza mafundi waliounda magari ya mashindano kwa mbao na gundi, na kwamba magari hayo yaliyapita magari ya chuma uwanjani, aghalabu hucheka kwanza, kisha huuliza kama mvua haikuyaozesha. Waingereza wenyewe walicheka vivyo hivyo mwaka 1959, wakati Jem Marsh na Frank Costin waliposhirikiana katika mji mdogo wa Dolgellau, uliozungukwa na milima ya Wales, wakatwaa herufi tatu za mwanzo za jina la mmoja na tatu za mwenziwe, wakaliita shirika lao Marcos.

Watu hawa wawili walikuwa mbali kwa tabia na kazi. Marsh alikuwa mrefu wa kimo, mchangamfu, mtu wa biashara, aliyekuwa akiendesha kampuni iitwayo Speedex katika mji wa Luton, ikiwauzia vijana vifaa vya kugeuzia Austin Seven kuukuu, gari la baba zao, kuwa kijigari cha mashindano. Costin alikuwa alimu wa upepo. Kazi yake ilikuwa ya ndege, katika kampuni ya de Havilland, na elimu ile ile ya kuipasulia ndege njia hewani aliihamishia barabarani, akachora bodi za magari ya Lotus na ya Vanwall, gari lililotwaa ubingwa wa kwanza wa waundaji wa Formula One mwaka 1958.

Sasa, de Havilland ndiyo iliyoipa Uingereza wakati wa Vita vya Pili ile ndege iliyoitwa Mosquito, ndege ya mbao, ambayo baadhi ya viungo vyake vilichongwa na maseremala waliozoea kutengeneza makabati na viti, na ambayo hata hivyo iliruka kwa kasi iliyowasumbua sana adui. Mtu aliyefanya kazi katika nyumba ya namna hiyo hawezi kuudharau ubao. Alijua kwamba plaiwudi ni tabaka nyembamba za mti zilizogandamanishwa kwa gundi, nyuzi za tabaka moja zikikingama na nyuzi za tabaka ya pili, hata ubao unaotokea haupasuki kwa wepesi upande wowote, nao ni mwepesi kuliko chuma chenye nguvu iliyo sawa nao. Basi akaunda chesi, yaani kile kiunzi kinachobeba gari zima, kwa mfano wa sanduku refu lenye vyumba ndani yake, kila chumba kikikishikilia kilicho ubavuni mwake, na vyote vimeunganishwa kwa gundi.

Sura ya gari hilo la kwanza haikuwa ya kuposwa. Lilikuwa na milango iliyofunguka kwenda juu mithili ya mbawa za ndege, na wengine walilipachika jina la Xylon, neno la Kiyunani lenye maana ya mti. Dhihaka zikaisha uwanjani, kwani gari jepesi halihitaji injini kubwa ili liondoke upesi, wala halichoshi breki zake likifika konani, na wapinzani waliolisimanga asubuhi walionekana jioni wakilichungulia uvunguni. Miongoni mwa vijana walioliendesha mashindanoni katika miaka hiyo ya mwanzo alikuwamo Mskoti mmoja aitwaye Jackie Stewart, ambaye baadaye alikuwa bingwa wa dunia mara tatu.

Costin alijitenga na shirika mwaka 1961, na pengo lake likazibwa na ndugu wawili, Dennis na Peter Adams, waliokuwa na kipawa ambacho yeye, nathubutu kusema, hakuwa nacho: jicho la uzuri. Marcos 1800, iliyotokea hadharani mwanzoni mwa 1964 na injini yake ya Volvo, ilikuwa na bodi ya faibaglasi iliyolala chini sana, kimo chake kikiipita mita moja kwa kidogo tu, na pua ndefu iliyoteremka kwa ulaini. Lakini chini ya uzuri huo chesi ilikuwa bado ni ya mbao. Dereva hakukaa bali alijinyoosha, kama mtu aliyejilaza kitandani na kuegemea mito miwili. Na kwa kuwa kiti kilikuwa kimepigwa pale pale wala hakisogei, pedeli ndizo zilizosogezwa zimfuate mwenye miguu mirefu au mifupi, jambo ambalo bwana mrefu kama Marsh hakukosa kulithamini.

Lakini uzuri haulipi mishahara, na hapa hatuna budi kuzungumzia kodi. Serikali ya Uingereza ilikuwa imeanzisha mwaka 1940, katikati ya vita, kodi ya manunuzi juu ya bidhaa nyingi, na gari jipya lililokamilika lilitozwa kodi hiyo sawasawa. Ila vipande vya gari, maadamu havijaunganishwa kuwa gari, vilisamehewa, kwa sharti kwamba mnunuzi aviunge mwenyewe. Katika tundu hilo la sheria wakaingia wenye karakana ndogo wa Uingereza nzima, Marcos wakiwemo. Karani wa benki au mwalimu wa shule, ambaye mshahara wake usingemfikisha kwenye gari la fahari lililokamilika, alipokea nyumbani kwake bodi, chesi na masanduku ya vyuma, akavua koti siku ya Jumamosi, akashika spana, na baada ya wiki kadhaa za kuchubuka vidole akatoka nalo barabarani. Jirani aliyejua ufundi, aliyepita kunywa chai na kukaza nati mbili tatu, nadhani hakuhesabiwa.

Biashara ya namna hiyo haikupata kielelezo bora kuliko Mini Marcos ya mwaka 1965. Gari dogo la Mini, lililozaliwa mwaka ule ule wa 1959 pamoja na Marcos yenyewe, lilikuwa limeenea kila mtaa, na kila mtaa ulikuwa na Mini iliyogongwa au kuliwa na kutu. Marsh akatoa bodi ya faibaglasi isiyohitaji chesi yo yote, ya mbao wala ya chuma, akaiuza kwa pauni 199. Mnunuzi aling'oa injini, giaboksi na magurudumu katika Mini yake mbovu, akavihamishia humo. Lilikuwa kama kobe aliyevaa gamba la mwingine, na sura yake, nikiri, haikunipendeza tangu nilipoiona pichani mara ya kwanza.

Kobe huyo alikwenda Le Mans. Mwaka 1966, katika yale mashindano ya Ufaransa ya saa ishirini na nne, Wafaransa wawili, Jean-Louis Marnat na Claude Ballot-Léna, waliingia na Mini Marcos ya rangi ya buluu, yenye injini isiyotimia lita 1.3, dhidi ya magari ya Ford yenye injini za lita saba yaliyoipita mchana na usiku kwa ngurumo. Magari 55 yalianza, 15 yakamaliza, na la kumi na tano lilikuwa hilo. Tena ndilo gari pekee la Kiingereza lililofika mwisho. Watazamaji walilipenda kuliko walivyowapenda washindi, wakaliita kiroboto wa buluu. Mwaka uliofuata Marsh mwenyewe, pamoja na Chris Lawrence, alijaribu kulirudia jambo hilo, gari likaharibika mapema.

Kilichofuata hakihitaji maneno mengi. Chesi ya mbao, yenye vipande vilivyokaribia 400, ilikula saa za mafundi, na mwaka 1969 ikaachwa kwa chuma. Shirika likatazama Marekani, ambako kulikuwa na fedha lakini pia sheria mpya za moshi. Magari yakazuiliwa bandarini, mtaji ukaganda, na mwaka 1971, baada ya kuhamia jengo jipya mjini Westbury, Marcos ikafilisika. Miaka miwili baadaye kodi ya manunuzi ikafutwa, kodi ya ongezeko la thamani ikashika nafasi yake, na lile tundu likazibwa kwa karakana zote. Marsh alilirudisha jina barabarani mwaka 1981, likaanguka tena mwaka 2000, wengine wakaliinua, na mwaka 2007 likalala. Marsh mwenyewe alifariki mwaka 2015.

Kiroboto wa buluu alikuwa ameibwa mjini Paris mwaka 1975, akasahaulika. Mwezi wa Desemba 2016 alionekana nchini Ureno, rangi yake imebadilishwa, injini ya mashindano haimo, lakini gamba lake la faibaglasi lilikuwa zima.