Bima ya afya kwa mkulima asiye na mshahara: tuipigie hesabu

Vijana wengi ninaowatembelea, wa nyanya, vitunguu na hoho, tukimaliza mambo ya dawa na mbolea huniuliza: "Afisa, hii SHA mbona kwangu ni mlima?" Leo tuipigie hesabu jinsi tunavyoipigia ekari moja ya nyanya.

NHIF iliondolewa na Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 tunachangia SHA. Zamani mtu aliyejiajiri alilipa shilingi 500 kwa mwezi, basi. Sasa ni asilimia 2.75 ya mapato ya kaya, na hakuna anayelipa chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Mimi niliyeajiriwa nakatwa asilimia hiyo hiyo kabla mshahara haujanifikia, hata siioni ikipita. Wewe unadaiwa ya miezi 12 kwa mpigo. Kinachouma ni hapo, wala si asilimia.

Haya, tuseme kaya yako imekadiriwa kupata shilingi 20,000 kwa mwezi. Mchango ni 550, yaani 6,600 kwa mwaka. Hiyo haifikii bei ya mifuko mitatu ya mbolea ya ruzuku kwa 2,500. Ukitarajia kreti 200 za nyanya msimu huu, ni shilingi 33 kwa kila kreti. Ukikadiriwa 40,000, unalipa 13,200. Na mchango ni wa kaya nzima: mwenzi wako na watoto wamo, mradi umewaandikisha.

Makadirio yenyewe ndiyo yanayowachoma wengi. Ukijisajili kwa *147# unaulizwa kuhusu nyumba, maji, taa, mifugo. Huulizwi nyanya zilishuka bei mwezi gani. Kwa hivyo jaza mwenyewe, na ujaze ukweli. Usimwachie kijana wa saiba akukisie ng'ombe usio nao, halafu uje kulalamika kiasi ni kikubwa.

Kuna wanaoniambia, "Mimi ni kijana, siugui." Sawa. Zahanati na kituo cha afya, ngazi ya 2 na 3, utatibiwa ukiwa umejisajili tu, hata kama hujachanga. Shida huanza ukipelekwa hospitali ya ngazi ya 4 kwenda juu, maana huko lazima mchango wako wa mwaka uwe umelipwa. Mkulima mmoja ninayemhudumia, mke wake alijifungua kwa upasuaji wakati miche iko wiki ya tatu shambani. Hakuwa amelipa. Aliuza pampu ya maji kwa bei ya kutupa, na miche ikakauka. SHA hulipia upasuaji huo shilingi 30,000, na uzazi wa kawaida 10,000. Yeye alipoteza pampu na msimu mzima. Cha ajabu ni kwamba ng'ombe wake akikohoa tu, daktari wa mifugo anaitwa usiku huo huo.

Bima za kampuni binafsi nazo? Ukinunua peke yako utalipa zaidi kadiri umri unavyopanda, na mara nyingi uzazi na magonjwa uliyokuja nayo husubirishwa miezi kadhaa. Kama mko kwenye chama cha ushirika au sacco, ulizeni bei ya kikundi kabla mtu hajanunua lake kivyake. SHA bado mtalipa, hiyo ni lazima kisheria.

Ninachowashauri ni kuiandika bima kwenye daftari la gharama, chini ya mbegu na mbolea, na kulipa wiki ya mauzo makubwa, kabla pesa hazijapata kazi nyingine. Mwaka unaofuata itakwisha karibu na mavuno tena. Aliyebanwa sasa hivi aulize kuhusu Lipa SHA Pole Pole: unakopeshwa mchango wa mwaka, kisha unarejesha kidogo kidogo. Lakini ni mkopo, kwa hivyo nao uandikwe daftarini.